Waliolelewa makao ya watoto: wakifika miaka 18, ni nani awashike mkono?

Binti Kariobangi: Naomba tulijadili hili bila matusi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18. Kwa hivyo kijana wa makao akifika hapo, mara nyingi anaonyeshwa lango na begi lake, hata kama cheti cha kidato cha nne bado hajakichukua. Uingereza, aliyelelewa chini ya serikali anaweza kuwa na mshauri wake hadi miaka 25. Mimi naona serikali yetu iwalipie kodi ya nyumba na mafunzo ya kazi angalau hadi 21. Mnasemaje?

Mzee wa Umoja: Kwa pesa gani? Wangu wawili wamemaliza chuo, wako hapa nyumbani, hakuna anayewalipia kitu. Na tusifichane: niliwahi kumwandika kijana wa makao kwenye kibanda changu cha chakula. Hakujua kuwasha jiko wala bei ya unga. Amezoea kupigiwa kengele aende kula. Shida ni malezi.

Fundi Gikomba: Mzee, nakuheshimu, lakini hapo umenichoma. Mimi nimelelewa makao. Tangu darasa la sita nilikuwa nasonga ugali wa watoto 60, mwiko unashikwa na mikono miwili, mwingine anashikilia sufuria isipinduke. Nilichokuwa sijui ni kupikia mtu mmoja. Nilipopanga chumba Kayole nilikuwa nasonga ugali unabaki wa kulisha ploti nzima. Usiniambie sijui jiko.

Mama Wawili: Mtoto wa darasa la sita kwa sufuria ya watu 60? Huko ni kutumikisha watoto! Ndiyo maana hayo makao yafungwe yote. Si serikali ilishasimamisha usajili wa mapya, 2016 au 2017 hivi?

Karani Mstaafu: Novemba 2017. Halafu 2022 ukatoka mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwa jamaa, kwa familia za kuwalea, na kafala kwa Waislamu, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumbadilishia ukoo. Ni jambo jema. Lakini aliye na miaka 17 leo, umrudishe kwa nani?

Fundi Gikomba: Mama Wawili, sikutumikishwa. Kwani wa kwako hawapiki?

Mama Wawili: Wangu wanapikia watu wanne, ndugu yangu.

Mzee wa Umoja: Neno langu sifuti. Huyo kijana aliondoka na funguo za kibanda, mpaka leo.

Fundi Gikomba: Sasa tumekuwa wezi? Mpwa wako akiiba kuku, ukoo mzima mtaitwa wezi?

Karani Mstaafu: Mnabishania ugali na kuku huku mlango wenyewe umefungwa. Nimewaona hawa vijana kwa chifu. Akiomba kitambulisho anaulizwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Mzazi hajulikani. Anarudi na barua ya makao, anaambiwa haitoshi, njoo wiki ijayo. Bila kitambulisho hasajili laini kwa jina lake, hana M-Pesa, mkopo wa serikali wa Hustler Fund hagusi, mkopo wa masomo wa HELB hagusi, na mwenye nyumba naye anataka nakala. Katiba, Kifungu cha 14, inasema mtoto aliyepatikana Kenya akiwa anaonekana chini ya miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Basi makao yabanwe yamtafutie cheti angali mdogo. Hilo halihitaji ushuru mpya.

Kijana wa Githurai: HELB hata sisi wenye baba na mama tunazungushwa.

Binti Kariobangi: Lakini wewe ukizungushwa unarudi kulala kwenu! Hilo ndilo nililouliza tangu mwanzo.

Mzee wa Umoja: Kwa kitambulisho niko na Karani. Kodi ya nyumba, hapana. Wafundishwe kazi.

Fundi Gikomba: Kazi ninayo, nachomelea milango. Nilipolazwa, muuguzi aliniuliza jina na simu ya jamaa wa karibu, nikampa la mteja. Mwingine sikuwa naye. Kuna chama chetu sisi tuliolelewa makaoni, KESCA, kilianza 2009. Mngewasikiliza wao kabla ya kutupangia. Karani, nina dada tuliyekua naye pale, anatimiza 18 mwezi wa nane na cheti hana. Aanzie wapi?

Karani Mstaafu: Kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Abebe nakala ya amri ya mahakama iliyomweka makaoni, kama makao hawana waiombe kortini. Na aende mwezi huu. Akishatoka pale itakuwa kazi kumpata wa kumwandikia barua.

Mzee wa Umoja: Akikosa nauli aniambie.

Fundi Gikomba: Nauli tunayo, mzee.