Naomba ushauri wa almasi ya pete ya uchumba: karati 1 isiyo na cheti cha maabara au nusu karati yenye cheti?

Nyegezi_Mpya ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Natarajia kumvisha mwenzangu pete ya uchumba kabla ya mwaka huu kwisha. Nimeazimia iwe ya dhahabu ya manjano yenye almasi, kwa sababu ndivyo alivyowahi kusema anapenda, siku ambayo hakujua kwamba namsikiliza. Bajeti yangu ni shilingi milioni 5, na sina mpango wa kukopa. Yeye ni muuguzi, hivyo kutwa nzima mikono yake iko ndani ya glavu au chini ya bomba la maji.

Nimezunguka maduka kadhaa ya Mwanza na Dar es Salaam, nikabakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni jiwe la mviringo la karati 1, ambalo muuzaji anasema rangi yake ni J na usafi wake, yaani uchache wa madoa ndani yake, ni SI2. Cheti chake ni karatasi yenye nembo ya duka lenyewe. Ya pili ni jiwe la karati 0.53, rangi G, usafi VS2, ukataji wa daraja la juu kabisa, nalo lina cheti cha GIA, maabara ya Marekani inayopanga madaraja ya almasi. Bei za pete hizi mbili zinapishana kwa laki 3 tu. Ya tatu ni mjomba wangu aliyeko Maganzo, mkoani Shinyanga, anayesema atanipatia almasi ghafi kwa kijana anayemfahamu, kisha nitafute fundi wa kuikata, na kwa hesabu zake nitabakiwa na zaidi ya nusu ya fedha zangu.

Moyo wangu unaelekea kwenye karati 1, kwa kuwa jiwe linaonekana kubwa na linawaka sana pale dukani. Aidha, muuzaji alilipulizia pumzi mbele yangu, ukungu ukatoweka papo hapo, akasema hiyo ndiyo dalili ya almasi halisi. Je, hoja hiyo inatosha? Na ninyi mngekuwa mimi, mngetazama nini kwanza?

Sonara_Mstaafu amejibu:

Hongera, mwanangu. Mimi nimekaa kwenye meza ya usonara Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 30, na swali lako limebeba jibu lake ndani ya zile laki 3.

Almasi haiuzwi kama mchele, ambao kilo 2 ni bei ya kilo 1 mara mbili. Kadiri jiwe linavyokuwa kubwa ndivyo kila karati moja ndani yake inavyopanda bei, kwa kuwa mawe makubwa ni adimu zaidi ardhini. Kwa hiyo, jiwe la karati 1 likikaribiana kwa bei na jiwe la karati 0.53, hata ukizingatia kwamba rangi na usafi wake ni wa chini, yako mambo ambayo muuzaji hajakueleza. Huenda limekuzwa maabara, huenda limekatwa vibaya sana, au huenda limetengenezwa.

Hili la kutengenezwa nililijua kwa hasara. Miaka mingi iliyopita mteja aliniletea pete aliyoinunua kwingine, akataka nimwongezee dhahabu kwenye vikucha vinavyolishika jiwe. Nilipowasha moto wa kuchomelea, jiwe lililokuwa safi likatokeza ufa mbele ya macho yangu, mithili ya kioo cha gari kilichopigwa kokoto. Ufa ulikuwepo tangu awali. Walikuwa wameujaza dutu ya kioo ili usionekane, na moto wangu ukaiharibu. Mteja alilia, nami nilirudi nyumbani bila hamu ya chakula. Jiwe la namna hiyo ukilichunguza kwa lupu, yaani kioo cha sonara cha kukuzia, ya mara 10 huku ukiligeuzageuza polepole, utaona mmweko wa zambarau au wa machungwa ukipita ndani ya ufa. GIA hawalipangii daraja jiwe lililojazwa nyufa, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutothamini karatasi ya duka: anayeuza hawezi kuwa yeye huyo huyo anayesahihisha mtihani.

Sasa, cha kutazama kwanza ni ukataji. Rangi na usafi jiwe huzaliwa nao, lakini mng'aro hutoka mkononi mwa fundi. Almasi ya mviringo ina nyuso 57 au 58, na kazi yake ni kuupokea mwanga kwa juu, kuuzungusha ndani na kuurudisha machoni pako. Ikikatwa kwa kina kupita kiasi, mwanga huvujia pembeni na chini, na katikati ya jiwe panaonekana kiza. Ikikatwa bapa mno, duara la kijivu hujitokeza ndani yake kama jicho la samaki. Mafundi hupenda kuacha kina kirefu kwa sababu uzito hujificha chini, mahali usipopaona, nawe unaulipia. Jiwe la mviringo la karati 1 lililokatwa vizuri lina upana wa takriban milimita 6.5. Mwombe muuzaji apime upana wa hilo lake mbele yako. Akikuta milimita 6 au chini ya hapo, ujue unanunua tumbo la jiwe. Kwenye cheti cha lile la pili, tazama kina kikiwa kati ya asilimia 59 na 62.5 ya upana wa jiwe, na uso wa juu kati ya asilimia 54 na 58 ya upana huo. Huko ndiko mawe mazuri hukaa kwa kawaida, ingawa namba peke yake haitoshi bila macho.

Macho nayo yana mahali pake. Taa za dukani zimefungwa makusudi, chini yake hata kipande cha chupa kitameremeta. Liombe jiwe, sogea dirishani au simama kivulini nje ya mlango, ulitazame kwa mwanga wa kawaida. Likiendelea kuwa hai hapo, ni jiwe.

Kuhusu rangi, kwa kuwa mwenzako anataka dhahabu ya manjano, G ni nzuri kuliko unavyohitaji. Ngazi ya GIA huanzia D, jiwe lisilo na rangi kabisa, na kushuka hadi Z. Ndani ya dhahabu ya manjano hata I au J huonekana nyeupe, kwa sababu jicho hulilinganisha jiwe na chuma kilicholizunguka. Ingekuwa dhahabu nyeupe ningekuambia usishuke chini ya H. Usafi nao hushuka kutoka VS2 hadi SI1 kisha SI2: VS2 macho matupu hayaoni doa, na SI1 nyingi vilevile. SI2 ni bahati nasibu: doa likiwa pembeni, kikucha kinalifunika, likiwa katikati chini ya uso wa juu, utaliona kila anapokupa chai.

Mwana_Maganzo amejibu:

Nimezaliwa na kukulia jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, hivyo naomba nijibu lile la mjomba, kwa heshima zote kwake.

Kwanza, kununua almasi ghafi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini, na masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yaliwekwa ili biashara hiyo ifanyike mahali panapojulikana. Kijana anayeuza jiwe mkononi, mara nyingi ni jiwe la wabeshi, yaani wale wanaoingia eneo la mgodi usiku, au si almasi kabisa. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao, wakinunua kipande cha kwatzi kilichosuguliwa na maji ya mto kwa bei ya ng'ombe wanne.

Pili, tuseme jiwe ni la kweli. Utalikatia wapi? Sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa Surat, India, na tangu mwaka 2003 almasi ghafi haivuki mpaka kihalali bila cheti cha Mpango wa Kimberley, makubaliano ya kimataifa ya kuzuia almasi za vita, ambacho jiwe la mfukoni haliwezi kukipata.

Tatu, hesabu ya mjomba imesahau vumbi. Almasi ya waridi iliyotoka Mwadui mwaka 1947, ambayo Dk. John Williamson, mwenye mgodi huo, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi, na ilipokatwa ikabaki karati 23.6. Ile nyingine ya waridi iliyopatikana hapo hapo mwaka 2015 ilikuwa na karati 32. Ilipouzwa Hong Kong Oktoba 2022 kwa dola milioni 57.7, ilikuwa karati 11.15. Ikiwa mawe ya namna hiyo, mikononi mwa mafundi bora wa dunia, yalipoteza zaidi ya nusu, kokoto ya mjomba itabaki na nini?

Binti_Pangani amejibu:

Naongezea machache kuhusu kupulizia pumzi. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba jiwe linapitisha joto haraka. Almasi hufanya hivyo, lakini moisanaiti, jiwe jingine linalofanana nayo, nayo hufanya hivyo, na ndiyo maana hata kile kikalamu cha umeme cha kupimia joto, ambacho maduka mengi hujivunia, huiita moisanaiti almasi. Moisanaiti ina alama moja nzuri: ukilitazama kwa lupu kwa mshazari, kingo za nyuso za nyuma huonekana zimejirudia mara mbili, jambo ambalo almasi haina.

Almasi ya maabara ni suala tofauti. Hiyo ni almasi kweli, ni kaboni ile ile yenye ugumu ule ule, na hakuna jicho, pumzi wala kikalamu kitakachoitenganisha na ya ardhini. Zinahitajika mashine maalumu. Pete yangu mwenyewe ni ya maabara, mume wangu alinieleza wazi tangu mwanzo, na naivaa kwa raha zangu. Tatizo ni kuuziwa kwa bei ya ile ya ardhini. De Beers, kampuni kubwa ya almasi, walipoanza kuuza zao za maabara mwaka 2018 kwa dola 800 kwa karati, watu walishangaa kwa urahisi huo, na tangu hapo bei sokoni zimezidi kuporomoka. Kwa hiyo, kaka, muulize muuzaji wa karati 1 swali moja tu: je, utaandika kwenye risiti kwamba almasi hii ni ya asili, haikukuzwa maabara na haijajazwa nyufa?

Nyegezi_Mpya amejibu:

Nawashukuru sana. Leo nimerudi kwenye duka la kwanza na swali la Binti_Pangani. Muuzaji alisema risiti zao huandikwa na kompyuta na haziwezi kuongezwa maneno. Nilipoomba apime upana, akapima: milimita 5.9. Nimeondoka kwa adabu. Mjomba nimemwambia nitamnunulia koti la harusi.

La karati 0.53 nimelitazama nje ya mlango wa duka, kivulini, nalo liliendelea kumeremeta. Wamenionyesha kwa lupu namba iliyochongwa kwenye kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake wa pembeni, nikailinganisha na cheti, kisha nikaiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya GIA kwa simu yangu. Vipimo vyote vimelingana. Kwenye cheti pameandikwa kwamba jiwe hutoa mwanga hafifu chini ya taa ya urujuanimno. Je, hilo ni kasoro? Na kwa kazi ya uuguzi, nichague umbo gani la pete?

Sonara_Mstaafu amejibu:

Hafifu haina neno. Ukiwa na wasiwasi, waombe ile taa wanayokagulia noti bandia, uliweke jiwe chini yake ujionee. Wa kuogopwa ni mwanga mkali mno, ambao katika baadhi ya mawe huleta ukungu kama wa maziwa mchana wa jua.

Kwa muuguzi usikubali jiwe lililoinuliwa juu kwa vikucha virefu, kwa maana vitachana glavu kila siku, na siku moja kikucha kitapinda jiwe litoke. Mwambie fundi alizungushie ukuta mwembamba wa dhahabu, likae chini karibu na kidole. Ukuta huo pia unakilinda kiuno cha jiwe: almasi haikwaruziki kirahisi, lakini ikigongwa vibaya ukingoni hubanjuka. Chagua dhahabu ya karati 18, na usichanganye karati hiyo na ya almasi. Hii ya dhahabu ni kipimo cha usafi, yaani sehemu 18 kati ya 24, ilhali ile ya jiwe ni uzito, gramu 0.2.

Saizi ya kidole umeipata?

Nyegezi_Mpya amejibu:

Dada yake ameniazimia kisirisiri pete anayoivaa kidole hicho hicho. Kipenyo cha ndani ni milimita 16.5.

Sonara_Mstaafu amejibu:

Hiyo ni saizi 6 kwa kipimo cha Marekani. Mwambie fundi asiibane zaidi ya hapo, kwani vidole huvimba kwa joto, na irudishe hiyo ya kuazima kabla hajaitafuta.