Wenye nyumba Tanga wanaliwa hela na vishoka, mpangaji bado kalala ndani

Wakuu salaam. Leo mnivumilie, nimechoka na huu upuuzi.

Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi minane. Anaelekezwa kwa kishoka, yaani wakili feki anayejiita "mtaalamu wa kesi za nyumba", asiye na ofisi ila mkoba na muhuri. Anatoa laki tatu. Zinaandikwa kurasa mbili, shauri linakimbizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku ya kwanza tu linawekwa pingamizi: mmepita Baraza la Kata? Hamkupita. Shauri linaondolewa, na mpangaji anarudi zake kukaanga samaki. Mji wa waja leo waondoka leo, huyu mbona haondoki?

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halihukumu, linasuluhisha. Likishindwa linathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani hata bila hayo maandishi. Kwa hiyo nakala ya malalamiko yako igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, maana hizo siku utazithibitisha kwa karatasi, si kwa mdomo.

Nyumba za urithi ndiyo balaa lenyewe, na Ngamiani zimejaa. Hati ina jina la marehemu, lakini anayefungua kesi ni mtoto mkubwa, eti kwa kuwa kodi anapokea yeye. Anayeshitaki kwa mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, basi. Kishoka haulizi, maana akiuliza itabidi asubiri mirathi, na njaa haisubiri.

Mkataba nao. Haujalipiwa ushuru wa stempu, ukitolewa kama ushahidi unapingwa. Ushuru wenyewe asilimia 1 ya kodi ya mwaka: nyumba ya 150,000 kwa mwezi ni 18,000. Watu wanakwepa hiyo, halafu wanalipa faini shauri likiwa limesimama.

Na wanaoshauri "piga kufuli, ng'oa mlango" ndio wachawi kabisa. Kesho mpangaji anakuja na orodha: runinga, friji, dhahabu ya mke wake. Uliyekuwa unadai sasa unadaiwa. Notisi iwe ya maandishi, akikataa kusaini asaini mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Kumtoa ni kazi ya dalali wa mahakama, baada ya hukumu na maombi ya utekelezaji. Msimchanganye na dalali wa vyumba pale kijiweni!

Kabla ya kutoa hata mia, mtafuteni huyo mtu kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni unaoonyesha nani ni wakili kweli. Dakika mbili kwenye simu. Wakili halisi akizembea unampeleka Kamati ya Mawakili. Kishoka akizembea, namba haipatikani.

Na nyie mawakili mliomo humu, mnaosema kesi ya kodi ya Makorora haiwalipi: bei yenu ya kuandika notisi tu ni shilingi ngapi? Wekeni hapa watu waione.