Raundi ya tatu ya Lawler na Condit: apewe aliyegusa sana au aliyeumiza?

MtamaMrefu
Wakuu, nimelirudia tena pambano la MMA (mapigano mchanganyiko) la Robbie Lawler na Carlos Condit, UFC 195, na damu bado inanichemka. Ubingwa wa uzani wa welter, raundi tano, mwaka 2015. Condit alifikisha mapigo karibu mara mbili ya Lawler. Mara mbili! Majaji wawili wakaandika 48-47 Lawler, mmoja 48-47 Condit, mkanda ukabaki kwa Lawler. Raundi nyingine sibishani nazo. Iliyoamua ni ya tatu, na kwa macho yangu ya tatu ni ya Condit.
Swali langu: raundi ikibana hivyo, apewe aliyegusa mara nyingi au aliyepiga chache zenye uzito? Naomba hoja, ushabiki wekeni pembeni.

KabaliSafi
Kwanza ilikuwa Januari 2016, sio 2015. Anayekosea mwaka atashindwaje kukosea raundi?
Pili, apewe aliyeumiza. Condit alikuwa anabisha hodi, Lawler anavunja mlango. Kama kazi ni kuhesabu tu, waleteni wahasibu pale pembeni ya kizimba na majaji wakapumzike.

MtamaMrefu
Sawa, 2016. Ungejibu na swali basi.

JichoLaKona
Mlango ulivunjwa raundi ya pili mkuu, pale Condit alipodondoshwa kwa ngumi. Na ya tano Lawler alimwaga mvua, hilo nalo silikatai. Tunaongelea YA TATU. Unabeba picha ya raundi ya pili unaingia nayo ya tatu, ugonjwa uleule wa majaji.

KabaliSafi
Mgonjwa ni nani sasa? Nimeangalia MMA tangu enzi za Pride, ile ligi ya Japani, usinipime akili.

JichoLaKona
Pride walikuwa hawahesabu raundi kwa raundi, walipima pambano zima kwa ujumla wake. Ndiyo maana umezoea kuchanganya.

KanuniKwanza
Mnapigana kwa sheria ambayo siku ile haikuwepo. Maelezo ya sasa yanasema jaji aanze na athari ya mapigo na mieleka, pigo la kumtikisa mtu papo hapo likiwa na uzito kuliko yale ya kumchosha kidogokidogo. Nani alikuwa anasonga mbele, na baada ya hapo nani alitawala katikati ya kizimba, hayo hayaguswi mpaka lile la kwanza liwe sawa kabisa. Kamisheni za Marekani na Kanada zilikubaliana hivyo katikati ya 2016, ikaanza kazi 2017. Lawler na Condit walishamalizana miezi mingi nyuma.
Halafu mnawaandama majaji wakati mwizi ni hesabu. Kila raundi mshindi anapewa 10, mwenzake 9 au chini. Mtu akikushinda kwa unywele anapata 10-9. Akikutembezea kipigo dakika tano bila kufikia 10-8, ile ya kumlemea mtu kabisa, anapata 10-9 hiyohiyo. Shinda raundi tatu kwa unywele, pigwa mbili hadi mama asikutambue, unatoka na 48-47 na mkanda kiunoni. Mfumo huu tumeazima kwenye ndondi. Kule ubingwa ni raundi 12, jaji akiteleza moja kuna 11 za kuziba pengo. Huku pambano la kawaida ni raundi tatu. Ukiteleza moja umeteleza theluthi nzima.
10-10, yaani raundi sare, ipo kwenye maandishi, lakini maandishi yenyewe yanasema iwe adimu sana, basi majaji wanaiogopa kama deni.
Na wale wanaotaka mieleka ihesabiwe sawa na ngumi: kumlalia mwenzako dakika nne ni usingizi, sio mapigano.

ChiniYaMkeka
Usingizi?
Umeandika vizuri hapo juu, nilikuwa nasoma natikisa kichwa, ukaharibu na mstari wa mwisho. Umewahi kulaliwa na mtu anayejua kulala? Kifua kinakandamizwa, kila ukitoa pumzi anashuka kidogo, nafasi ya kuivuta nyingine haipo. Kiwiko chake kiko shingoni na bado hajarusha hata ngumi moja. Anayeita huo usingizi mkeka ameuona kwenye skrini tu.

KanuniKwanza
Sijasema hauchoshi. Nasema kwa kanuni, kumwangusha mtu halafu usimfanye chochote ni pointi ndogo sana. Lazima kiwepo kitu baada ya hapo: kabali, viwiko, jaribio la kumaliza.

ChiniYaMkeka
Umesema usingizi. Neno ni lako, lipo hapo juu.

GotiLaMbavu
Hahaha kaka amepatikana.
Lakini dada naye ana hoja. Mbona mtu akirudi nyuma raundi nzima anadonoadonoa na ngumi ya mbele mnaita ufundi, akimkaba mwenzake kwenye uzio mnaita uvivu?

KabaliSafi
Mimi na jina langu lote nasema kukumbatiana kwenye uzio kunaniboa. Kabali sawa. Kukumbatiana hapana.

ChiniYaMkeka
Badilisha jina basi.

DakikaTano
Mieleka ndiyo ilimuokoa Jon Jones kwa Dominick Reyes, Februari 2020. Reyes alimpiga raundi nne zile!

JichoLaKona
Nne wapi? Mbili za kwanza wengi wanampa Reyes, ya tatu ndiyo ya ugomvi, za mwisho ni za Jones. Ukimpa Jones ya tatu 48-47 inaeleweka. Kinachonitoa povu ni ile 49-46. Jaji mmoja alimpa Jones raundi NNE. Na ile mitama ya Jones, Reyes alikuwa anainuka palepale. Imehesabiwa nini hapo, kuinama?

DakikaTano
Nne alizipata mtu, hata kama ni Jones. Kumbukumbu yangu haikuwa mbali.

KitiChaTatu
Nimesoma tangu mwanzo nikijizuia, sasa nimeshindwa. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha jaji. Sio UFC, msianze. Mapambano ya ridhaa, misimu miwili.
Nyie mnatazama kwa kamera nyingi na marudio. Mimi nilikuwa na kiti kimoja kimegusana na uzio, nguzo ya kizimba inanikata upande wa kushoto, na refa mwenye mgongo kama kabati. Raundi ya mwisho ya pambano moja, moja-moja, vijana wakahamia uzio wa mbali. Nikasikia PAA. Kona nyekundu wakaruka "eeeh!", ukumbi mzima ukaitikia. Nikaandika 10 nyekundu, 9 bluu. Karatasi inachukuliwa raundi ikiisha, hakuna cha "nirudishie kidogo".
Siku mbili baadaye nikaiona kwenye video. Lile PAA lilitua kwenye mkono. Bluu alikuwa ameziba shavu, mlio ulikuwa wa glavu kwenye mkono wake. Sekunde zilezile, kwa ndani, bluu alikuwa anaingiza ngumi fupi za mbavu, tatu au nne, hazina mlio hata chembe. Ukisimamisha picha unaona mdomo wa mwekundu umefunguka kabisa. Nyekundu alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na mimi nilikuwa kwenye wale wawili.
Kwa hiyo mkuu MtamaMrefu, kabla ya kuhesabu mapigo ya Condit, angalia raundi ya tatu umezima sauti. Watangazaji wakiipenda ngumi ya mtu, na wewe unaipenda.

KabaliSafi
KUMBE NI NYIE. Siku zote tunatafuta mchawi, kumbe anakaa humuhumu anasoma.

GotiLaMbavu
Ulimwomba radhi yule kijana wa bluu?

KitiChaTatu
Hapana. Alinisalimia mlangoni usiku uleule, kwa adabu kabisa, na wakati huo hata mimi sikujua kama nimekosea.

GotiLaMbavu
Na baada ya kujua?

KitiChaTatu
Nimeshasema hapana.

JichoLaKona
Swali dogo. Yule jaji wa 49-46 naye refa alimkalia mbele raundi nne mfululizo?

KitiChaTatu
Sina jibu la kwake. Nina la kwangu.

DakikaTano
Si wangempa kila jaji skrini yake? Tatizo limekwisha.

KitiChaTatu
Kwenye mapambano makubwa skrini wanakuwa nazo. Kwetu ilikuwa kalamu, na siku nyingine hata kalamu unaazima.

ChiniYaMkeka
Mnamsulubu mtu pekee humu aliyekubali kosa lake. Mwenye "usingizi" bado hajakubali la kwake.

KanuniKwanza
Dada, nimekubali. Neno lilikuwa baya. Turudi kwenye hesabu?
Dawa yangu ni 10-8 zaidi, ili kipigo kilipwe bei yake. Ila na yenyewe ina moto wake. Septemba 2023, ubingwa wa wanawake UFC, Grasso na Shevchenko pambano la pili, jaji mmoja akaipa raundi ya tano 10-8 kwa Grasso. Karatasi zikatoka 48-47, 47-48 na 47-47. Sare, mkanda ukabaki kwa Grasso. Waliokuwa wanalilia 10-8 kila wiki ndio walewale waliopiga kelele usiku ule.

JichoLaKona
Kwa sababu raundi ile haikuwa 10-8! Grasso alimdhibiti mwishoni sawa, lakini raundi nzima? Ukitaka 10-8 ilipwe vizuri anza na zile ambazo hata shabiki wa aliyepigwa anakubali.

KabaliSafi
Shabiki wa aliyepigwa hakubali kitu, muulize MtamaMrefu miaka yote hii.

GotiLaMbavu
Mimi nataka matokeo yatangazwe kila raundi ikiisha. Invicta, ligi ya wanawake, walijaribu kule Kansas, Marekani, mwaka 2020. Mpiganaji anajua yuko nyuma, anatoka kutafuta nokauti, hatushangai mwishoni kama tumeibiwa usingizini.

ChiniYaMkeka
Usingizini tena.

GotiLaMbavu
Samahani dada 😂

KabaliSafi
Na aliye mbele raundi mbili? Ya tatu atakimbia kizimba kizima. Mimi silipii riadha.

GotiLaMbavu
Wanakimbia hata sasa, kona zao zinawaambia wako mbele. Na kuna wanaoambiwa hivyo kumbe wako nyuma, ndio wanaolia.

KitiChaTatu
Mngenitangazia namba zangu katikati ya ukumbi ule, sijui kama raundi inayofuata ningeiandika ninavyoiona au wanavyoitaka waliosimama nyuma yangu.

KabaliSafi
Wewe ulishaandika walivyotaka, tena bila kutangaziwa.

KitiChaTatu
Haya.

MtamaMrefu
Nilitoka kidogo, narudi nakuta mmefika Kansas.
Nimefanya alichosema KitiChaTatu, raundi ya tatu bila sauti. Mara ya kwanza nikampa Condit. Mara ya pili nikaona zile za mwili za Lawler ambazo sikuwahi kuziona, nikampa Lawler, nikajichukia. Mara ya tatu nikasinzia katikati.

KabaliSafi
Umesinzia kwenye pambano la Robbie Lawler? Na ndiye uliyetuita hapa kulalamikia majaji?

ChiniYaMkeka
Huo ndio usingizi, KanuniKwanza. Uutofautishe.