HR wamekataa msamaha wangu wa chanjo ya mafua: niende EEOC, tume ya Marekani ya usawa kazini, sasa au nisubiri?

Mama Neema, Dallas:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni CNA, muuguzi msaidizi, jina la hospitali nalihifadhi. Kila msimu wa mafua huwa najaza fomu ya msamaha wa kidini, navaa barakoa mpaka majira ya kuchipua, yanaisha. Safari hii HR wameirudisha: imani "haijathibitishwa", leta barua ya mchungaji. Mchungaji wangu yuko Bukoba, na mtandao wa kule mnaujua. Nimekata rufaa hukohuko HR. Je, nifungue malalamiko EEOC sasa au nisubiri jibu? Na siku zinahesabiwa tangu walipokataa, au mpaka wanifukuze?

Mzee Juma, Houston:
Marahaba mwanangu. Wahi, una siku 180 tu! Mimi nilikuwa nursing home wakati wa COVID. Mahakama ya Juu ilipoipitisha ile amri ya chanjo ya CMS, wakala wa serikali wa Medicare na Medicaid, Januari 2022, meneja aliniita ofisini. Boksi la kutilia vitu vyangu lilikuwa tayari juu ya kiti nilichotakiwa kukalia.

Rehema:
Mzee wangu, pole, lakini tusimpotoshe mtu. 180 ni za TWC, tume ya kazi ya Texas. EEOC kwa Texas ni 300. Na ile ya CMS ilikuwa ya COVID, ilifutwa 2023. Hii ya mafua ni sera ya hospitali yenyewe. Tena tangu kesi ya Groff ya Mahakama ya Juu, 2023, kuhusu dini kazini, mwajiri hawezi kujitetea kwa kausumbufu kadogo, aonyeshe mzigo mkubwa kweli kwenye biashara yake. Mama Neema, rufaa ya ndani haisimamishi saa ya EEOC. Piga picha fomu zako zote za nyuma kabla hawajakufungia portal.

Mzee Juma:
Nimesema awahi. Akiwahi 180, hizo 300 si zimo humo humo?

Abdul, Leicester:
Huku Uingereza wafanyakazi wa care homes walilazimishwa chanjo ya COVID Novemba 2021, Machi 2022 serikali ikafuta. Shemeji yangu alishaachishwa, yuko ghalani anapakia mizigo mpaka leo. Halafu hiyo chanjo ya mafua si ina nguruwe?

Rehema:
Gelatini ya nguruwe iko kwenye ile ya kupuliza puani, wanayopewa watoto huko kwenu. Ya sindano kwa kawaida haina. Na Mama Neema ni Mlutheri, Abdul. Usichanganye mafaili.

Bi Mwana:
Mmenikumbusha nyungu za kujifukizia corona za 2020! Mama pale Tanga alitufunika blanketi moja sote, mwarobaini na mchaichai, mpaka paka akahama nyumba.

Abdul:
Na wakubwa wakatuambia corona imekwisha. Tumezika wangapi?

Mzee Juma:
Siasa peleka kwingine. Mama Samia alichanjwa hadharani Julai 2021, yakaisha.

Abdul:
Yaliisha kwako.

Bi Mwana:
Jamani, nani anashuka Dar Desemba? Nina dawa za presha za mama, hazifiki hata kilo mbili.