Haleluya ama Aleluya? Kwaya inanigawanyikia, nisaidieni

NyarKondele: Bwana asifiwe wapendwa. Niko Kisumu hapa, nafunza kwaya ya harusi, bwana arusi Mwanglikana bibi arusi Mkatoliki kwa hivyo waimbaji nimetoa pande zote. Sasa hawa wanaimba Haleluya wale Aleluya, na mzee mmoja wa kanisa ameniambia Aleluya ni neno limepotoka nisilichape kwa karatasi ya nyimbo. Halafu Wakatoliki hawataki kuliimba mazoezini juu ni Kwaresma, na harusi ni baada tu ya Pasaka. Nifanyeje, na hili neno kwanza limetoka wapi?

BabaTenor: Pole na kazi dadangu. Ni Kiebrania, maneno mawili yameshikana, *hallelu* yaani msifuni, na *Yah*, ufupisho wa jina la Mungu. Si msifu, ni msifuni, unaita wenzako wote waje, mimi hapo hunigusa sana. Soma Zaburi 146 mpaka 150, kila moja inaanza nalo na kuishia nalo.

Katekista_Ahero: H ilipotelea kwa Kigiriki. Maandiko yalipotafsiriwa hilo neno liliachwa vile linasikika, na Kigiriki hakina herufi ya h, ikawa *allelouia*, Kilatini kikachukua hivyo, sisi tukapokea kutoka huko. Upotofu hakuna, mzee aelezwe kwa heshima. Kuhusu Kwaresma tafadhali usiwalazimishe, sisi huliweka kando kwa ibada kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka, na ukingoja hivyo ile siku linarudi unaliimba na roho yote. Saa hii wape wimbo wa maingilio na wa matoleo.

MamaSifa: Mzee msomee Ufunuo 19, Agano Jipya lote neno liko hapo tu, mara 4, na ni mbinguni wanaimba. Karatasi chapa kila wimbo vile umetungwa. Lakini kwa kuimba chagueni matamshi moja kwa kila wimbo, la sivyo wa H watakuwa bado wanatoa pumzi wenzao washaanza, itasikika vibaya kanisa lote.

NyarKondele: Mungu awabariki sana. Mzee nitamwona Jumapili baada ya ibada na hiyo Ufunuo mkononi. Katekista uko na nota za wimbo wa matoleo?

Katekista_Ahero: Ziko, za solfa, sauti zote nne. Nitumie namba inboksi.