Vitabu vya Kiswahili vilivyokwisha hakimiliki: kwa nini msomaji wa Dar es Salaam anafungiwa mlango?

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, ingawa nitajitahidi kuandika kwa adabu. Ipo maktaba moja kubwa ya kidijitali nchini Marekani iliyohifadhi picha za kurasa za vitabu vingi vya zamani vya Kiswahili, na kila ninapoifungua nikiwa hapa Dar es Salaam huniambia kwamba kitabu ninachokitaka hakiruhusiwi kusomwa katika nchi niliyopo. Kitabu chenyewe ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Mtu aliyeko Chicago anakisoma chote bila kuulizwa neno. Mimi niliyeko Sinza, jirani kabisa na Bagamoyo alikoishi Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu hicho, naonyeshwa jina la kitabu na kisanduku cha kutafutia maneno.

Kisanduku hicho ndicho kilichonimaliza nguvu. Ukiandika neno “unyago”, mashine inakujibu kwamba neno hilo limo katika ukurasa fulani na ukurasa fulani, inakuhesabia na mara lilizotokea, kisha inakataa kukuonyesha hata mstari mmoja. Ni sawa na kumwita mtu mwenye njaa asikie harufu ya pilau, halafu ukamfungia dirisha.

Sababu inayotolewa ni hakimiliki, na sababu hiyo haisimami. Kwa sheria ya Marekani, kitabu kilichochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita ni mali ya umma, na ndiyo maana wao wanakisoma. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, ulinzi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Hata tukitumia kipimo kirefu zaidi cha nchi za Ulaya, cha miaka 70 baada ya kifo, haki yake ilikwisha mwaka 1997. Kinachotufungia, basi, ni kompyuta inayotazama anwani ya mtandao wako, ikaona hauko Marekani, na kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kuingiza mwaka wa kifo katika kumbukumbu za kitabu, ikachagua kufunga ili mwenye maktaba asije akashtakiwa. Nimewaandikia kueleza hayo yote, nikajibiwa kwa barua ile ile ambayo bila shaka hutumwa kwa kila mtu, ikinishauri niulize maktaba iliyo karibu nami.

Nasema hivi nikijua kuna watakaokuja hapa kuniambia nitumie VPN, ile programu inayoficha nchi uliyopo. Wakumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitutaka wote tunaotumia VPN tujisajili na kutoa maelezo. Haingii akilini kwamba mtu aombe kibali cha serikali yake ili asome habari za harusi na ngoma za pwani yake mwenyewe, zilizoandikwa kwa lugha yake.

Hata pale mlango ulipo wazi, kukiona kitabu ni kazi. Walioorodhesha vitabu hivi waliviweka chini ya jina la Mzungu aliyekusanya, kwa hiyo Desturi utaipata kwa Velten, na hadithi za Unguja zilizochapwa London mwaka 1870 utazipata kwa Askofu Steere. Ukiandika “Kiswahili” unakosa vitabu chungu nzima, kwa sababu wa zamani waliandika Suaheli, Suahili au Kisuaheli. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, kwa mfano, imeandikwa Suahili juu ya jalada. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyotolewa kwa mafungu na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, inachanganywa na toleo la Nairobi la mwaka 1962, na tarehe hiyo mpya inatosha kuifunga kazi nzima, wakati kilicho kipya ni utangulizi na kazi ya mhariri tu. Tena programu za kusoma maandishi katika picha nyingi zimewekwa zisome Kijerumani au Kiingereza, hivyo “ng'ombe” anageuzwa takataka isiyotafutika.

Wapo pia wanaofaidika na giza hili. Kuna wachapishaji wa mtandaoni wanaochukua picha hizo hizo za bure, wanazipiga chapa pamoja na madoa na vidole vya mpiga picha, kisha wanaziuza kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari hawezi kuilipa. Na hapa kwetu, katika makundi ya WhatsApp, kuna watu wanaouza faili za “vitabu adimu” walizozishusha bure Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote. Mnajijua. Kuuza kitabu kisicho na hakimiliki si kosa kisheria, lakini kumficha mnunuzi mahali kinapopatikana bure ni utapeli.

Kuhusu ushauri ule wa maktaba iliyo karibu, nilikwenda. Katika maktaba moja ya hapa mjini niliambiwa nilete barua ya mwajiri, na nilipoileta nikakatazwa kupiga picha ukurasa hata mmoja kwa simu, eti kwa sababu ya hakimiliki. Kitabu chenyewe kilikuwa cha mwaka 1891.

Sasa nawaomba ndugu zetu mlioko Marekani. Ile maktaba ya kidijitali ya huko inawaruhusu wasio wanachama kushusha ukurasa mmoja mmoja. Tugawane kurasa, tuziunganishe, tuzipakie Internet Archive zikiwa na jina la Mtoro mbele na lugha ikiwa imeandikwa Kiswahili, pamoja na tahajia zote za zamani ili mtafutaji asipotee. Atakayechukua kurasa mia za kwanza za Desturi aandike hapa chini, ili wawili tusirudie kazi moja.