Naombeni ushauri: maji ya simtank hayana presha bafuni, ninunue la lita 5000?

Mkazi wa Goba: Wakuu heshima kwenu. Nina simtank la lita 1000 juu ya mnara wa mita 3, koki ya nje maji yanatoka vizuri tu ila shawa inadondosha na hita ya shawa haiwaki kabisa. Kutoka kwenye tenki mpaka bafuni ni kama mita 25, bomba la plastiki la PPR nusu inchi, elbo (viungio vya kona) kibao. Fundi anasema nichukue tenki la lita 5000 kwa sababu maji yakiwa mengi yanasukuma zaidi. Kabla sijatoa hela naombeni mnisaidie.

Bomba Safi: Mkuu usinunue. Presha inatokana na kimo, yaani kutoka uso wa maji ndani ya tenki kushuka mpaka pale yanapotokea, ujazo hauhusiki. Mita 10 za maji zinakupa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Sasa kichwa cha shawa kama kipo mita 2 kutoka chini na kitako cha tenki kipo mita 3, tenki likikaribia kuisha una mita 1 tu, hiyo ni bar 0.1, hita nyingi haziwezi kushtuka hapo. Halafu lita 5000 ni tani 5, huo mnara ulijengwa kwa tani 1, tafadhali sana usijaribu, kuna watoto wanacheza chini hapo.

Mama Twins: Mi sijaelewa, tani 5 si zinakandamiza kuliko tani 1?

Bomba Safi: Dada uzito unaongezeka kweli ila na kitako cha tenki kinakuwa kipana, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba maji yaliyo juu yake tu. Ukizama mita 2 kwenye bwawa la hoteli au kwenye ziwa zima masikio yanakubana vilevile. Mfaransa Pascal alishalieleza hili tangu karne ya 17.

Injinia wa Mtaa: Naongezea, msisahau bomba. Koki ikifungwa presha haijali bomba nene au jembamba, ila maji yakianza kutembea msuguano unakula ile presha njiani, na kwa mita 25 unakula haswa. PPR ya milimita 20 inaitwa nusu inchi lakini tundu la ndani ni kama milimita 13, ya 25 ni kama 16 na nusu, tofauti inaonekana ndogo ila kwa maji yaleyale upotevu unashuka karibu mara tatu. Fungua kichwa cha shawa uone maji yanakujaje, kisha linganisha na pale chini ya tenki.

Mkazi wa Goba: Nimejaribu wakuu. Bila kichwa yanakuja ya wastani, chini ya tenki ndoo inajaa fasta mno.

Injinia wa Mtaa: Basi njia inakunyonga. Vuta laini kuu ya milimita 32 mpaka ukutani kwa bafu, 20 ibaki ile ya mwisho tu, punguza elbo na hakikisha geti valvu (koki ya kufungia laini) imefunguliwa yote.

Bomba Safi: Na hita ikigoma bado, weka pampu ndogo ya kuongeza presha, ifungwe chini karibu na tenki kwenye bomba la kutolea, usiifunge kwenye laini ya mtaa utawanyonya majirani.